Kamisheni ya Mwaka wa Pili

Mjini Sumbawanga ipo bima moja isiyohitaji kubembelezwa: bima ndogo ya chombo cha moto. Wakala anakaa kibandani kwake, wateja wanakuja. Dereva wa haisi ya Laela na kijana wa bodaboda wanajua kwamba siku bima ikiisha, askari wa usalama barabarani anaweza kuigundua kabla yao, maana namba ya usajili ikishaingizwa kwenye simu majibu yanatoka hapo hapo. Basi wanarudi wenyewe kila mwaka, na kila wanaporudi wakala anapata kamisheni yake ya kuhuisha. Mteja mpya ni bahati. Wateja wa zamani ndio wanaolipa kodi ya kibanda.

Bima ya afya haina askari. Hakuna anayemsimamisha mkulima njiani kutoka Ntendo kwenda Muze akimuuliza kadi ya matibabu iko wapi na inaisha lini. Kadi ikifa, inafia sandukuni kimya kimya, na mwenyewe anakuja kujua siku mtoto anapopandwa na homa na karani wa mapokezi anamwambia uanachama wake ulikwisha miezi mitano iliyopita. Anayepaswa kuliziba pengo hilo ni mtu mmoja anayezungumzwa kidogo sana katika mijadala mikubwa ya bima ya afya kwa wote: afisa uandikishaji wa kijiji. Namna anavyolipwa ni suala zito kuliko linavyoonekana kwenye karatasi za bajeti.

Mfuko wa Afya ya Jamii, CHF, ulianza kujaribiwa Igunga, Tabora, mwaka 1996, miaka michache baada ya serikali kurudisha uchangiaji wa gharama katika hospitali zake. Sheria yake ilipitishwa mwaka 2001. Kaya ililipa shilingi 5,000 au 10,000 kwa mwaka, serikali ikaongeza kiasi kama hicho kwa mpango uliojulikana kama tele kwa tele, na kazi ya kuandikisha ikaachiwa zaidi wahudumu wa vituo. Maana yake, aliyekuwa akiuza kadi ni yule yule aliyekuwa akiombwa dawa. Mwaka 2011 mradi uliofadhiliwa na Uswisi ulianza kuusuka upya mfuko huo mkoani Dodoma. Akateuliwa afisa uandikishaji ndani ya kijiji, akapewa simu yenye programu ya kuandikishia na kupiga picha, na malipo yake yakawa kamisheni, yaani sehemu ya mchango anaoukusanya. Mwaka 2018 mtindo huo ulianza kuenezwa nchi nzima kwa jina la CHF iliyoboreshwa: shilingi 30,000 kwa kaya ya watu wasiozidi sita, matibabu kuanzia zahanati hadi hospitali ya rufaa ya mkoa, kwa kufuata ngazi za rufaa.

Mradi wa Uswisi haukukosea kwenye hilo. Kijiji kinamwamini mtu wake. Tatizo ni kwamba kamisheni ya kukusanya humvuta mtu kule ambako kukusanya ni rahisi, na hakuna siku rahisi kama ya kampeni. Mkuu wa wilaya amekuja, spika zimefungwa kwenye gari, mtendaji ameitisha mkutano wa hadhara, mahindi yamevunwa na fedha ipo mfukoni. Siku hiyo afisa anaweza kuandikisha kaya nyingi kuliko atakazozipata miezi mitatu inayofuata. Ripoti inapanda hadi mkoani, inasomwa kikaoni, watu wanapongezana.

Mwaka mmoja baadaye hakuna spika. Kila kaya ina tarehe yake ya kuisha, na afisa anatakiwa aifuate moja moja. Kaya hii iko kitongoji cha juu, ile imehamia shambani bondeni kwa ajili ya mpunga. Afisa anafika anamkuta mama peke yake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Umekuja na ile kadi yako tena? Mwaka jana nilikwenda nayo zahanati, wakaniandikia dawa nikanunue duka la dawa muhimu. Hiyo elfu thelathini nyingine ni ya nini?"

Akishalijibu hilo, bado hajamaliza. Baba yuko Kasanga kwenye dagaa, hatarudi mpaka giza la mwezi lipite. Mtoto mmoja amezaliwa tangu kadi ya kwanza, apigwe picha aingizwe. Mwingine amekwenda kusoma kwa shangazi yake Namanyere, atolewe au abaki? Mtoto wa kupigwa picha anajificha nyuma ya khanga ya mama. Simu haina mtandao mpaka afisa apande kwenye kichuguu nyuma ya choo. Tuseme kamisheni yake ni asilimia 10, kwa hesabu ya mfano tu. Hiyo ni shilingi 3,000, na bodaboda ya kwenda na kurudi kitongoji cha mbali inaweza kuimeza yote. Mtu mwenye akili timamu atafanya nini? Atasubiri kampeni ijayo.

Takwimu za taifa zinaonyesha mahali ambako kusubiri huko kunatufikisha. Mwaka 2019 serikali ilikuwa ikisema takriban asilimia 32 ya Watanzania wana bima ya afya, wengi wao wakiwa wanachama wa CHF. Miaka michache baadaye, wakati muswada wa bima kwa wote unajadiliwa, kiwango kilichotajwa kilikuwa takriban asilimia 15, na CHF ikiwa na kama asilimia 6 tu. Sehemu ya anguko hilo inatokana na mabadiliko yenyewe, kwa kuwa kadi ya 5,000 au 10,000 iligeuka kuwa ya 30,000, na daftari la zamani lilikuwa na majina ambayo hakuna aliyeyahakiki. Lakini hata ukishayaondoa hayo, inabaki picha ya ndoo inayojazwa kwa kishindo huku ikivuja chini. Ndoo kama hiyo haihitaji mchota maji mwingine, inahitaji mtu wa kuziba.

Hoja ya makala haya ni fupi: afisa uandikishaji alipwe zaidi kwa kaya aliyoibakiza kuliko kwa kaya aliyoiingiza.

Anayedhani hilo ni wazo la ajabu aangalie Marekani, nchi ambayo hakuna atakayeituhumu kwa kuchukia biashara. Huko wenye umri wa miaka 65 na kuendelea wana bima ya serikali iitwayo Medicare, iliyotungiwa sheria mwaka 1965. Kwa huduma za daktari bima hiyo kwa kawaida hulipa asilimia 80. Asilimia 20 inayobaki ni ya mzee mwenyewe, na asilimia 20 ya bili ya Marekani ni mzigo wa kuuza nyumba. Kampuni binafsi zikaona mwanya, zikatengeneza bima ya nyongeza ya kuziba pengo hilo, na mawakala wakaingia mitaani.

Wakaingia kwa njaa. Kamisheni ya mwaka wa kwanza ilikuwa nono na ya miaka inayofuata ilikuwa makombo, kwa hiyo wakala mjanja alimrudia bibi yule yule kila mwaka na kumhamisha kutoka kampuni moja kwenda nyingine, ili kila mwaka uwe wa kwanza. Bibi hakupata faida yoyote. Mara nyingi alianza upya kusubiri hadi magonjwa aliyokuwa nayo yaanze kulipiwa. Wasimamizi wa bima wa majimbo walipoamua kulikomesha hilo hawakutunga mahubiri. Waligusa mfuko. Kanuni yao ya mfano inasema kamisheni ya mwaka wa kwanza isizidi mara mbili ya ile ya mwaka wa pili. Kamisheni ya kuhuisha ilipwe kwa kiwango kile kile kwa miaka isiyopungua mitano. Na anayembadilishia mteja bima asilipwe zaidi ya malipo ya kuhuisha. Basi wakala wa leo mwenye wateja 300 waliotulia ana kipato cha kutegemea hata mwezi ambao hakuuza kitu, na ana sababu ya kupokea simu ya mzee anayeuliza kwa nini hospitali imemletea bili.

Mfumo huo nao una kasoro zake. Wapo mawakala wanaokula kamisheni ya kuhuisha miaka nenda rudi bila kumpigia mteja hata simu ya salamu. Wengine wanakaa kimya bei ya bima inapopanda, ingawa kampuni ya jirani inauza kinga ile ile kwa bei nafuu, kwa sababu kumhamisha mteja ni kazi isiyo na nyongeza. Ufipa, uwanda wa Sumbawanga na wilaya jirani, haina haja ya kuunakili jinsi ulivyo. Kinachofaa kuchukuliwa ni ule ufahamu kwamba ratiba ya malipo ndiyo inayoamua wakala atamfikiria nani asubuhi akiamka.

Huku kwetu inafaa kwenda mbali zaidi ya Wamarekani. Kwa kutumia hesabu ile ile ya mfano, badala ya 3,000 kila mara, afisa apewe 2,000 kaya inapoingia, 4,000 inapolipia tena mwaka wa pili, na 3,000 kila mwaka baada ya hapo. Kwa kaya iliyodumu, jumla haiongezeki hata shilingi na fedha za matibabu haziguswi. Na kaya ikikatika baada ya mwaka mmoja, mfuko umeokoa 1,000. Kinachobadilika ni hesabu kichwani mwa afisa: kitongoji cha juu kinaanza kuwa na thamani.

Ipo sababu nyingine, na hii ni ya kibima hasa. Mtu anayeandikishwa kwa urahisi kuliko wote ni mgonjwa. Habembelezwi na mtu, anakuja mwenyewe, tena usiku. Mwenye afya njema ndiye anayesumbua, naye ndiye wa kwanza kuiacha kadi ife kwa kuwa mwaka mzima hakuitumia. Kamisheni inayohesabu vichwa vipya tu inakusanya wagonjwa na kuwapoteza wazima, na mfuko wa namna hiyo hauendi mbali. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ulilionja jambo hilo kwa Toto Afya Kadi. Mzazi alilipa shilingi 50,400 kwa mwaka kwa mtoto mmoja, na mwaka 2023 mfuko ukasitisha kuwaandikisha watoto mmoja mmoja, ukaelekeza waingie kwa makundi kupitia shule, ukieleza kuwa wengi walioletwa walikuwa tayari wanaumwa. Wazazi walilalamika, na walikuwa na haki ya kulalamika. Lakini hesabu haikuwa na huruma. Afisa anayelipwa kwa kuwabakiza wazima anaufanyia mfuko kazi ambayo hakuna mtaalamu wa takwimu wa Dodoma anayeweza kuifanya akiwa mezani kwake.

Upo ugumu wa ziada. Mtoto wa chini ya miaka mitano anatibiwa bure kwa mujibu wa sera, mjamzito vilevile, na mzee wa miaka 60 na kuendelea asiyejiweza naye amesamehewa. Baba wa kaya anapiga hesabu: bibi bure, mjukuu bure, mama akiwa na mimba bure, sasa hiyo 30,000 ni ya mimi na hawa vijana wawili wasiougua? Ni swali la haki. Afisa anayelipwa kwa siku moja ya kampeni hana muda wa kulijibu. Anayejua kwamba ataishi na kaya hiyo kwa miaka mitano atakaa chini na kuzungumza juu ya mguu uliovunjika, upasuaji wa kidole tumbo, na msamaha wa mzee ambao mara nyingi unaishia kwenye kumuona daktari huku dawa akiagizwa akanunue.

Halafu kuna kalenda. Kwenye uwanda wa Ufipa mvua hunyesha kuanzia Novemba hadi Aprili, mahindi na maharage huvunwa kuanzia Mei, na fedha huzunguka kuanzia Julai, wanunuzi binafsi na Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula wanapofungua vituo. Kaya iliyojiandikisha Agosti itaombwa kulipia tena Agosti, nayo ina nacho. Kaya iliyojiandikisha Februari kwa sababu mtoto aliugua ghafla itaombwa tena Februari, wakati kihenge kinaelekea kuisha na mbolea bado inadaiwa. Hata afisa awe malaika, Februari hapati kitu. Mwaka wa bei mbovu unaharibu hata Agosti. Serikali ilipozuia mahindi kuuzwa nje mwaka 2017, bei ikaanguka katika mikoa hii ya kusini magharibi, na shilingi 30,000 zikawa si sehemu ya gunia tena bali gunia na zaidi.

Rwanda ililitatua hilo kwa namna inayoonekana ya kawaida mno hata mtu anashangaa kwa nini haijaigwa. Mwaka wa bima yao ya jamii unaanza Julai mosi kwa kila mtu, na vikundi vya kuweka na kukopa vijijini vinakusanya mchango kidogo kidogo miezi iliyotangulia. Kadi zote zinaisha siku moja. Julai mosi ingekuwa tarehe nzuri Ufipa hata kama Rwanda isingekuwepo duniani. Mavuno yako ndani, VICOBA vinagawana, na msimu wa kuhuisha ungerudisha zile spika za kampeni kila mwaka badala ya mara moja. Aliyeingia Februari angelipia miezi mitano tu ya kwanza. Programu ya kuandikishia haiwezi kushindwa kugawanya kwa 12.

Kenya nayo ina la kufundisha, ingawa kwa upande wa pili. Mamlaka yake mpya ya afya ya jamii, SHA, ilianza kazi Oktoba 2024, na wahamasishaji wa afya vijijini wakapita nyumba kwa nyumba na simu zao. Mamilioni waliandikishwa kwa miezi michache. Waliofika hatua ya kulipa, na hasa kuendelea kulipa, miongoni mwa wasio na ajira rasmi wakawa sehemu ndogo ya hao. Kuandikisha ni tukio, kulipa kila mwaka ni uhusiano, na ngazi ya kijiji iliwezeshwa kwa ajili ya tukio.

Sasa pingamizi zito kuliko yote, lile la yule mama: dawa. Ramadhani Kigume na Stephen Maluka wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walioandika mwaka 2021 juu ya sababu za mifuko hii kukwama Tanzania, walionyesha kuwa tatizo haliko kwa mwanakijiji asiyeelewa bima. Liko katika utekelezaji wenyewe. Hakuna kamisheni inayoweza kuuza rafu tupu mara mbili. Mara ya kwanza inawezekana, kwa sababu mara ya kwanza watu hununua ahadi.

Lakini hapo ndipo malipo ya kuhuisha yanapofanya kazi ambayo wengi hawaitazami. Afisa anayelipwa kwa kuingiza kaya hana hasara dawa zikikosekana Machi. Kamisheni yake aliila Agosti. Afisa anayesubiri 4,000 ya mwaka wa pili ana hasara kubwa. Atakwenda kwa mganga mfawidhi kuuliza. Ataisumbua kamati ya usimamizi wa kituo, ambayo wajumbe wake ni majirani zake, ijue fedha za CHF zilizoingia akaunti ya zahanati zimenunua nini. Kijiji kinakuwa na mtu mmoja mwenye maslahi binafsi ya kuona paracetamol na dawa mseto zipo. Watendaji wengine hawatampenda, na hiyo ni dalili njema.

Ni kweli pia kwamba kamisheni isiyolipwa kwa wakati ni sawa na kutokuwepo. Mchango unakwenda kwa namba ya malipo hadi kwenye mfuko, kisha kamisheni inatakiwa irudi chini hadi kwa mtu mmoja Mtowisa. Njia hiyo ya kurudi ikichukua miezi, ratiba nzuri kuliko zote inageuka mzaha. Programu inayojua kaya imelipa saa ngapi inaweza kumtumia afisa hela yake kwenye simu wiki hiyo hiyo.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa na Bunge Novemba 2023, na Januari 2024 serikali ikazindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, ikilenga zaidi ya 137,000 ndani ya miaka mitano. Wengi watatamani wahudumu hao wabebe pia kazi ya kuandikisha, kwa kuwa wanalipwa posho na tayari wanaingia majumbani. Huenda ikafaa. Ila wakibebeshwa kwa lengo la vichwa vipya peke yake, iwe kwa posho au kwa kamisheni, litajirudia anguko la baada ya 2019, safari hii kwa mchango mkubwa zaidi na watu wenye kinyongo zaidi.

Halmashauri za Sumbawanga, Nkasi na Kalambo hazihitaji kusubiri utekelezaji wa sheria hiyo ukamilike ili kuanza na jambo dogo. Orodha ya kaya ambazo kadi zao zimeisha au zinakaribia kuisha imo ndani ya mfumo, kwa jina la kijiji na namba ya simu. Itolewe kila mwisho wa Mei, ikabidhiwe kwa afisa wa kijiji, na kila kaya iliyo humo itakayolipa kabla ya Septemba impe kamisheni kubwa kuliko kaya mpya. Malori ya mahindi huanza kupanda uwanda Julai. Afisa awe ameshapita.